Kugeuza kiwanja kilichotelekezwa kuwa uwanja wa mtaa: mwongozo kwa wanaoanza

Vikundi vya wakazi vinapotaka kutengeneza uwanja wao, maswali huwa yaleyale. Tuanzie wapi? Tutafute mchoraji kwanza au fedha kwanza? Tupande miti gani? Tuweke uzio? Jibu langu la kwanza halibadiliki: msichore chochote kabla hamjajua maji yanapita wapi, watu wanapita wapi, na nani atakuwa anafagia mwaka wa tatu. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na mambo hayo matatu.

Nawaandikia watu wa mitaa iliyonyimwa huduma, ile ambayo mitaro haikuchimbwa, taa hazikufika, na kipande pekee cha ardhi kilichobaki wazi kimegeuka jalala. Mwongozo unafaa kwa eneo dogo, tuseme kuanzia mita za mraba 100 hadi 2,000. Eneo kubwa kuliko hapo, au linalohitaji ukuta wa kuzuia udongo unaozidi urefu wa mita moja, au lililo kwenye kingo za mto unaofurika, linataka mhandisi tangu siku ya kwanza. Hapo msijaribu wenyewe, kwa sababu ukuta ukianguka huangukia watoto.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kamati ya watu watano hadi wanane. Wapangaji wawemo, si wenye nyumba peke yao. Awemo msichana wa umri wa kwenda shule, na mtu anayetembea kwa fimbo au kwa kitimwendo.
- Futi ya kupimia ya mita 30, kamba, vigingi, nyundo, na mfuko wa chokaa ya unga.
- Mpira wa maji unaoonyesha ndani, wa mita 10 hadi 15.
- Majembe, sururu, sepeto, toroli, glovu nene na viatu vya kufunika mguu. Jalala lina vioo na sindano.
- Daftari moja la mradi. Kila kikao, kila kipimo na kila senti viingie humo, na likae mahali ambapo mkazi yeyote anaweza kuliona.
- Msimu mmoja wa mvua wa kutazama. Vikundi vingi huona huku ni kupoteza muda, lakini mvua moja kubwa itawafundisha kuliko ramani yoyote ya kununua.

Hatua ya 1. Jueni ardhi ni ya nani

Nendeni ofisi ya ardhi mkaulize kwa maandishi. Kiwanja kinachoonekana hakina mwenyewe kinaweza kuwa hifadhi ya barabara, njia ya bomba kuu la maji, njia ya nyaya za umeme mkubwa, au mali ya mrithi aliyehama. Mkishampata mwenye ardhi, ombeni barua inayosema mambo matatu: mnaruhusiwa kufanya nini, kwa muda gani, na mtapewa notisi ya muda gani akitaka kuirudisha. Ahadi ya mdomo hufutika siku ardhi inapopanda bei, na ninyi ndio mtakuwa mmeipandisha.

Barua ikiwa ya muda mfupi, jengeni vitu vinavyohamishika: viti, vitanda vya mbao vya kupandia, miti kwenye mapipa. Chini ya nyaya za umeme mkubwa au juu ya bomba kuu msijenge kitu cha kudumu hata kama hakuna anayewakataza leo.

Hapohapo waulizeni wazee kiwanja kilikuwa nini zamani. Kama palikuwa na gereji, kiwanda cha betri au nyumba za zamani zilizopakwa rangi yenye madini ya risasi, udongo unaweza kuwa na sumu, na watoto ndio huathirika zaidi kwa sababu hutia mikono mdomoni. Pelekeni sampuli maabara kabla ya kupanda chochote cha kuliwa. Majibu yakichelewa, pandeni kwenye vitanda vilivyoinuliwa vyenye udongo safi, na funikeni udongo wa zamani kwa nyasi nene au kokoto.

Hatua ya 2. Hesabuni watu

Chagueni siku mbili za kazi na siku moja ya mapumziko. Katika kila siku, kaeni sehemu moja kwa dakika 15 asubuhi watu wanapotoka, mchana, jioni wanaporudi, na usiku wa saa mbili au tatu. Andikeni wanaopita: wanawake wangapi, wanaume wangapi, watoto, wazee, wenye mizigo, wenye mikokoteni. Kwenye mchoro wa mkono wa kiwanja, chora mstari kwa kila njia mliyoona ikikanyagwa.

Karatasi hizi zitawajibia maswali ambayo mkutano mzima hauwezi kuyajibu. Mkiona wanawake wapo asubuhi na hawapo usiku, mmeona tatizo la usalama hata kama hakuna aliyelitaja. Mkiona njia ya mkato imekata kiwanja kutoka pembe hadi pembe, hiyo ndiyo njia yenu kuu. Msiihamishe ili mchoro upendeze, kwa maana watu watakanyaga maua yenu.

Hatua ya 3. Fuateni maji

Kosa linaloua viwanja vingi ni maji, na mara nyingi limefukiwa muda mrefu kabla yenu. Huko West Philadelphia, Marekani, msanifu wa mandhari ya miji Anne Whiston Spirn alionyesha kwamba viwanja vingi vilivyobaki vitupu katika mtaa wa Mill Creek vilifuata bonde la kijito kilichofungiwa ndani ya bomba la majitaka karne ya 19. Nyumba zilizojengwa juu yake zilizama na kupasuka. Watu walioona viwanja vile walidhani ni mtaa wa watu wasiojali, kumbe ardhi yenyewe ilikuwa inashuka. Kwa hiyo ulizeni: kwa nini hapa pamebaki wazi? Pengine kila aliyejaribu kujenga alifurika.

Mvua ikinyesha, tokeni nje. Pigeni picha mahali maji yanapoingia kiwanjani, yanapotuama na yanapotokea. Mvua ikikatika, rudini kila baada ya saa chache muone dimbwi lipi limebaki. Wekeni vigingi kwenye kingo za kila dimbwi kabla halijakauka, halafu chukueni vipimo viwili.

*Mteremko.* Jazeni mpira maji hadi mapovu yote yatoke. Mtu mmoja asimame sehemu ya juu na ncha moja, mwingine umbali wa mita 10 chini, kila mmoja ameshikiza ncha yake wima kwenye fimbo. Maji yakitulia, usawa wake ni mmoja pande zote mbili. Kila mtu apime kutoka ardhini hadi kwenye usawa wa maji. Wa juu akipata sentimita 90 na wa chini akipata sentimita 105, ardhi imeshuka sentimita 15 ndani ya mita 10, yaani asilimia 1.5. Maji yatatiririka polepole bila kuchimba. Chini ya asilimia 1 yatatuama. Ikizidi asilimia 5 udongo mtupu utaanza kubebwa, na hapo mtahitaji matuta ya kukinga au mimea yenye mizizi mingi.

*Unyonyaji.* Chimbeni shimo la upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 40 mahali mnapofikiria kukusanyia maji. Ijazeni ndoo na kumimina hadi shimo lijae, muache likauke. Huo mjazo wa kwanza hauhesabiwi, kwa sababu udongo mkavu hunywa haraka na kuwadanganya. Jazeni tena, simamisheni kijiti chenye alama za sentimita, na tazameni kila nusu saa. Mtaona mambo ambayo hayaelezeki kwenye karatasi: pengine juu udongo ni mweusi na unabomoka, halafu kwenye sentimita ya 25 jembe limegonga tabaka la kifusi na mifuko ya plastiki, na maji yanasimama hapohapo kama yamo kwenye beseni. Kifusi hicho kitolewe. Udongo safi ukishusha maji sentimita 2 au 3 kwa saa, ni mzuri. Ukishusha chini ya sentimita 1, msitegemee ardhi inywe. Yaongozeni maji hadi kwenye mtaro wa umma.

Sasa pigeni hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kama mabati na vichochoro vinavyomwaga kwenye kiwanja vina mita za mraba 200, mvua ya milimita 30 italeta hadi lita 6,000. Bonde la kupandia, yaani shimo pana la kukusanyia maji lenye mimea ndani, likiwa na kina cha sentimita 20 litahitaji mita za mraba 30 ili liyabebe yote. Halafu gawanyeni kina kwa kasi ya unyonyaji: sentimita 20 kwa sentimita 2 kwa saa ni saa 10. Jibu likizidi saa 24, punguzeni kina na ongezeni upana. Maji yakikaa zaidi ya siku mbili mnakaribia kufuga mbu, maana kiluwiluwi huhitaji takriban wiki moja tu kukua. Bonde hilo liwe angalau mita 3 kutoka msingi wa nyumba, na mbali kabisa na mashimo ya vyoo na visima. Wekeni pia mahali palipo chini kidogo kwenye ukingo pa kutokea maji pale mvua itakapozidi hesabu yenu, kwa sababu siku moja itazidi.

Hatua ya 4. Chora chini, si kwenye karatasi

Mchoro wa rangi ukutani huwanyamazisha watu. Asiyesoma ramani huitikia kwa kichwa, na aliyezoea kuongea huongea peke yake. Mkitaka maoni ya kweli, chukueni chokaa mkachore kiwanjani kwa ukubwa halisi. Njia hapa, benchi hapa, bonde la maji pale, mti hapa (simamisheni fimbo yenye kitambaa juu). Fanyeni hivyo jioni watu wanaporudi, kisha muwaache wapite.

Halafu tazameni kimya. Mwenye mkokoteni atakata kona na gurudumu litapita juu ya mstari wa benchi: kona hiyo ni kali mno. Watoto watageuza eneo la kupumzikia kuwa goli ndani ya dakika tano, na mtajua mpira utachezwa hapo mpende msipende. Mama aliyebeba mtoto atasimama mahali ambapo hamkuweka kiti, kwa sababu kutoka hapo anaona mlango wa nyumba yake. Futeni kwa mguu, choreni upya. Chokaa ni bei ndogo ya kujifunza. Zege likishaganda, kosa linakaa.

Wasiofika jioni wafuateni walipo. Wanaorudi usiku, wanaokaa na wagonjwa, wapangaji wa chumba kimoja walio wapya mtaani: mmoja wa kamati apite mlango kwa mlango na maswali matatu tu. Unapita hapa saa ngapi? Unaogopa nini hapa? Ungekaa wapi? Swali la "mnataka nini?" nawashauri msilitumie. Huleta orodha ya vitu vilivyoonekana kwingine, na kila kisichopatikana kinageuka ahadi iliyovunjwa.

Baada ya chokaa, kama mnaweza, wekeni vya muda kwa mwezi mmoja: magogo, matairi yaliyojazwa udongo, viti vya kuazima. Mtafiti William H. Whyte, aliyetazama viwanja vya New York miaka ya 1970, aliona kwamba watu hukaa penye pa kukaa, na hupenda kiti wanachoweza kukisogeza. Mwezi huo mmoja utawaonyesha viti vinasogezwa kuelekea wapi. Huko ndiko benchi la kudumu liende.

Hatua ya 5. Amueni nani atatunza, kabla ya tofali la kwanza

Hapa ndipo miradi mizuri inapofia. Mfadhili hulipia ujenzi kwa furaha kwa kuwa kuna picha ya kupiga; kufagia hakuna picha. Kwa hiyo msijenge kitu ambacho hamjamjua mtunzaji wake kwa jina. Choreni jedwali lenye safu nne: kazi, nani, mara ngapi, fedha inatoka wapi. Kuzoa taka, kufagia, kumwagilia, kukata nyasi, kuzibua mtaro kabla ya mvua, kubadilisha taa. Mstari wowote wenye nafasi tupu unamaanisha kitu hicho kiondolewe kwenye mchoro hadi nafasi ijae.

Kuna mifano miwili ya kujifunza. Kibera, Nairobi, shirika la Kounkuey Design Initiative, lililoanzishwa 2006, limekuwa likijenga viwanja pamoja na wakazi, na katika viwanja hivyo vikundi vya wakazi huendesha shughuli ndogo za kuingiza kipato, kama vyoo au kuuza maji, ili fedha ya matunzo itoke palepale. Karachi, Pakistan, mradi wa Orangi ulioanzishwa na Akhtar Hameed Khan mwaka 1980 ulitumia kichochoro kama msingi wa ushirika: nyumba zinazotazamana zilichagua kiongozi wao, zikachanga na kujenga bomba la majitaka la kichochoro chao, huku bomba kuu likibaki jukumu la serikali. Kichochoro kimoja ni watu wanaojuana majina. Mkiweza, gaweni uwanja wenu hivyo: kila kichochoro na upande wake.

Msisamehe mamlaka majukumu yake, lakini. Kuzoa taka zilizokusanywa, mtaro mkuu na taa za barabarani ni haki mnayoidai kama mtaa wowote mwingine. Andikeni barua mapema, mpate nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na mfuatilie. Mtaa uliozoea kujifanyia kila kitu huachiwa kila kitu.

Hatua ya 6. Jengeni kwa mpangilio huu

Safisha, maji, njia, kukaa, taa, kisha mimea. Msiruke.

*Usafi na kingo.* Ondoeni taka zote, sawazisheni ardhi, na wekeni mpaka mfupi unaoonekana. Hata hatua hii peke yake ina nguvu. Huko Philadelphia, jaribio lililochapishwa mwaka 2018 lilichukua viwanja vitupu 541 na kuvigawa kwa bahati nasibu. Vingine viliachwa vilivyo, vingine vilisafishwa, na vingine vilisafishwa, vikasawazishwa, vikapandwa nyasi na miti michache na kuwekewa uzio mfupi wa mbao, kisha vikatunzwa. Katika mitaa ya watu maskini zaidi, uhalifu wa bunduki kuzunguka viwanja vilivyoshughulikiwa ulipungua kwa takriban asilimia 29. Uzio wenyewe ulikuwa mfupi na una mianya ya kuingilia. Unazuia gari kumwaga kifusi, haumzuii mtu.

*Maji.* Chimbeni mitaro na bonde mliyopiga hesabu. Mdomo wa kuingilia maji uwekewe mawe ili yasichimbe, na kichujio cha taka ambacho mkono unaweza kukifikia na kukisafisha.

*Njia.* Upana wa mita 1.5 kwa uchache, mita 1.8 inaruhusu vitimwendo viwili kupishana. Njia iinamishwe asilimia 1 hadi 2 kwenda upande mmoja ili isishike maji. Rampu isizidi kupanda 1 kwa 12: kimo cha sentimita 50 kinataka rampu ya mita 6. Fundi akiwaambia mita 3 zinatosha, mwombeni akae kwenye kitimwendo aipande mwenyewe. Ngazi ziwe na kimo cha sentimita 15 na kina cha sentimita 30, zote sawa. Ngazi moja iliyopishana na wenzake ndiyo inayoangusha wazee usiku.

*Kukaa.* Benchi la sentimita 45 kwa kimo, lenye egemeo na mkono wa kushikia wakati wa kuinuka. Liwe na mgongo kwenye ukuta au kichaka na uso kwenye njia, kwa sababu hakuna apendaye kupitwa nyuma. Pembeni ya benchi acheni nafasi tambarare ya mita 1 hivi ya kuegesha kitimwendo au kigari cha mtoto.

*Taa.* Taa kadhaa za wastani zinazomulika uso wa mtu na njia yote ni bora kuliko taa moja kali katikati. Mwanga mkali hutengeneza giza zito pembeni yake, na huko ndiko mtu anayeogopa anakotazama.

Hatua ya 7. Pandeni

Anzeni na kivuli. Jua la alasiri linalochoma hutoka magharibi, kwa hiyo mti wa kukinga benchi uwe upande wake wa magharibi. Shimo liwe na upana mara mbili au tatu ya mzizi, lakini kina kisizidi kimo cha mzizi; mti uliozikwa shina huoza polepole na watu hulaumu udongo. Mahali shina linapopanukia kuwa mizizi paonekane juu ya ardhi. Tandazeni majani makavu au maganda ya mbao sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina.

Chagueni miti ya asili ya eneo lenu inayojulikana kuhimili ukame, na ichanganyeni. Ugonjwa mmoja usimalize yote. Jamii ya mitini yenye mizizi mikali isikaribie mabomba wala kuta. Vichaka visizidi mita moja kwa kimo, na matawi ya miti yakatwe hadi juu ya mita 2, ili mtu aliye njiani aone na aonekane. Ndani ya bonde la maji pandeni mimea inayovumilia kuloa na kukauka, maana siku nyingi za mwaka bonde litakuwa kavu.

Mti unahitaji kumwagiliwa miaka miwili ya mwanzo, hasa kiangazi cha kwanza. Mkiwa na ndoo kumi kwa wiki, pandeni miti michache inayopata maji hayo, wala msipande arobaini ya kupigia picha. Nyasi za kukatwakatwa ziwe kidogo. Hunywa maji mengi na hukanyagwa hadi vumbi. Penye michezo wekeni udongo mgumu uliosawazishwa vizuri na mteremko wa asilimia 1.

Makosa yanayojirudia

- Kujenga geti lenye kufuli. Mwenye ufunguo akisafiri, uwanja umefungwa. Mwenye ufunguo akigombana na jirani, pia.
- Kununua bembea na vyuma vya michezo kabla ya mtaro. Mvua ya kwanza itaviacha ndani ya dimbwi.
- Kufanya mkutano mmoja, kupiga picha ya mahudhurio, na kuita hiyo ushirikishwaji. Watu wanajua tofauti kati ya kuulizwa na kuarifiwa.
- Kuwaondoa wachuuzi waliokuwapo. Hao ndio macho ya uwanja tangu asubuhi hadi usiku. Wapeni nafasi kando ya njia kuu, kwenye kivuli, na mkubaliane kuhusu taka zao.
- Kumpa mchoraji wa nje kazi bila kumtembeza usiku na wakati wa mvua.

Mambo yakienda kombo

*Taka zimerudi.* Angalieni zinarudi wapi hasa. Mara nyingi ni kona moja, na kona hiyo haina mtu anayeitazama au ndipo watu walipozoea kutupa kwa sababu gari la taka halifiki kwao. Hamishieni benchi au mchuuzi kwenye kona hiyo, wekeni mahali rasmi pa kukusanyia karibu na barabara, na zoeni kila siku wiki za mwanzo. Rundo dogo likilala siku mbili, huvuta jingine.

*Maji yanatuama bondeni.* Kwanza zibueni mdomo na ondoeni tope lililoganda juu. Yakiendelea, chimbeni shimo la majaribio tena. Kama udongo umeshindiliwa na miguu, ulegezeni kwa uma wa bustani na kuchanganya mboji, na wekeni mawe ya kukanyagia ili watu wasipite popote.

*Miti inanyauka.* Ingizeni kidole udongoni. Mkavu kwenye sentimita 5, haupati maji ya kutosha. Mwagilieni polepole na kwa wingi mara chache kwa wiki, badala ya kunyunyizia kila siku. Udongo umeloa na majani ni ya njano, unazama. Magome yamechubuliwa, ni mbuzi au mpira; zungusheni vijiti.

*Vijana wamelimiliki eneo na wengine wanaogopa.* Msiite polisi kama hatua ya kwanza. Mara nyingi hawana pengine pa kwenda. Kaeni nao, waulizeni wanahitaji nini, wapeni sehemu yao inayojulikana na kazi yenye heshima kwenye jedwali la matunzo. Wakati huohuo, hakikisheni kuna shughuli nyingine saa hizohizo, na njia ya pili ya kutokea kwa anayetaka kuwakwepa. Penye vurugu za kweli au mtu kuumizwa, hilo ni jambo jingine, na msaada uitwe.

*Kamati imechoka.* Kawaida, baada ya mwaka mmoja. Badilisheni nusu ya wajumbe, muiache nusu iliyobaki iwafundishe wapya. Punguzeni eneo la kutunza kabla ya kuacha lote lioze: kona iliyo safi kabisa inaomba msaada vizuri kuliko uwanja mzima uliochakaa.

*Kodi za nyumba zinapanda.* Hili lianzeni kulifikiria hatua ya 1, ijapokuwa huonekana mwishoni. Uwanja mzuri hupandisha bei ya nyumba zinazouzunguka, na mpangaji aliyebeba kifusi kwa mikono yake anaweza kuhamishwa nao. Washington, watayarishaji wa 11th Street Bridge Park, bustani iliyopangwa kujengwa juu ya daraja, walitoa mpango wa makazi na ajira kwa wakazi mwaka 2015, daraja lenyewe likiwa bado halijajengwa, na sehemu ya mpango huo ilikuwa amana ya ardhi ya jamii, ambapo ardhi humilikiwa na shirika la jamii na haiuzwi sokoni. Si kila mtaa utaweza hilo. Mnachoweza kufanya wote ni kuandika kodi za nyumba zinazozunguka uwanja kabla hamjaanza na kila baada ya miezi sita, kuwakalisha wenye nyumba na wapangaji meza moja mapema, na kuomba mikataba ya maandishi ya zaidi ya mwaka mmoja kwa wapangaji waliopo. Kodi zikianza kupanda mtakuwa na namba mkononi za kupeleka kwa mamlaka, na mtajua ni familia zipi za kusaidiwa kwanza.